Umbo la tangazo likibadilika, acha kuhesabu kliki

Mitandao ya matangazo ikibadili maumbo ya mabango yake, makundi ya WhatsApp ya wenye tovuti huku Nyanda za Juu Kusini hujaa kilio kilekile: kliki zimekufa, tumeibiwa. Mimi naendesha tovuti ndogo ya kilimo na bei za mazao hapa Mbeya. Naandika viazi vya Njombe, mchele wa Kyela na Mbarali, nyanya za Ilula, maparachichi ya Rungwe. Mabadiliko haya nimeyapitia zaidi ya mara moja, na ninachowaambia wenzangu ni kwamba kabla ya kulia, mtu ajue kwanza siku hizi kinachouzwa ni nini.

Zamani tangazo la AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye tovuti zetu, lilikuingizia pesa hasa mtu akilibofya. Novemba 2023 Google ilitangaza kuhamia malipo ya kuonekana, na mwanzoni mwa 2024 utaratibu huo ukaanza kazi. Mgawanyo nao ukaelezwa upya: mwenye tovuti anachukua asilimia 80 ya kinachobaki baada ya jukwaa la mtangazaji kukata ada yake. Mtangazaji akipitia Google Ads, jukwaa la Google lenyewe la kununulia matangazo, hesabu inaangukia kwenye takriban asilimia 68, ileile iliyokuwepo kabla. Kwa hiyo anayekodolea macho safu ya kliki anasoma mizani iliyokwisha ondolewa sokoni.

Sasa, kuonekana maana yake nini? Kipimo kinachotumika kwenye biashara hii ni kwamba angalau nusu ya bango iwe ndani ya skrini kwa sekunde moja mfululizo, na kwa video sekunde mbili. Inasikika rahisi mpaka umtazame msomaji wa kweli. Mkulima wa Uyole anayetafuta bei ya gunia anafungua ukurasa na kidole tayari kinasukuma kwenda chini. Lile bango jembamba la pikseli 320 kwa 50 pale juu kabisa, ambalo wengi wetu tunalitukuza kwa sababu "liko mbele", linapita kabla sekunde haijatimia. Bango la 300 kwa 250 lililowekwa chini tu ya jedwali la bei linakaa machoni muda wote ambao mtu anapiga hesabu ya nauli na ushuru. Kwangu, kuhamisha bango kwenda pale anaposimama msomaji kumesaidia kuliko kuongeza mabango.

Kuongeza kuna ukuta wake. Tangu 2018 kivinjari cha Chrome kinachuja matangazo kwenye tovuti zinazokiuka viwango vya Coalition for Better Ads, muungano wa kampuni unaopanga matangazo yapi yanakera wasomaji, na Julai 2019 utaratibu huo ulienea dunia nzima. Tovuti ikipewa alama ya kushindwa na isijirekebishe ndani ya siku 30, Chrome inaweza kuzima matangazo yote, hata yale yasiyo na kosa. Yanayokatazwa ni pamoja na dirisha la kuruka usoni, video inayojipigia sauti, na kwenye simu, matangazo yanayokula zaidi ya asilimia 30 ya urefu wa habari yenyewe.

Hiyo asilimia 30 wenzangu wa bei za mazao waisome mara mbili. Kurasa zetu ni fupi. Ukiwa na habari yenye urefu wa pikseli 800, bango moja la urefu wa 250 limeshafika asilimia 31! Mwenye blogu ya hadithi ndefu anaweka mabango matatu akiwa salama, wewe wa bei ya vitunguu unavunja kanuni kwa moja. Nilichofanya ni kurefusha ukurasa kwa kitu chenye faida: chini ya bei ya leo naweka bei za wiki zilizopita, hali ya barabara ya mzigo, na maelezo mafupi kwa nini bei imepanda. Ukurasa ukarefuka, na bango likapata nafasi yake halali.

Matangazo ya kujipanga yenyewe, yaliyoletwa na AdSense mwaka 2018, ni msaada kwa asiyejua kuandika msimbo (code) wa tovuti, lakini yasimamie. Nenda kwenye mipangilio, punguza idadi, kisha ufungue tovuti yako kwa simu ya bei nafuu yenye bando dogo, siyo kwa kompyuta ya ofisini yenye mkonga. Utaona mambo. Maandishi yanatokea, msomaji anaanza kusoma, halafu bango linachelewa kufika na kusukuma kila kitu chini. Kidole kilichokusudia "Bei ya Makambako" kinatua kwenye tangazo la mkopo. Enzi za kliki, hilo lilionekana kama baraka. Siyo: kliki za bahati mbaya Google huzitambua na kuzikata kwenye mapato, na msomaji anaondoka amekasirika. Juu ya hapo, tangu 2021 Google inatumia uthabiti wa ukurasa kama kigezo kimojawapo cha kupanga matokeo ya utafutaji, na alama nzuri ya kuyumba ni 0.1 kushuka chini. Dawa ni ndogo. Mtengeneza tovuti aitengee kila nafasi ya bango urefu wake mapema, ili tangazo likichelewa likute kiti chake kipo.

Kuhusu tangazo la skrini nzima linalotokea msomaji anapohama ukurasa mmoja kwenda mwingine, nina msimamo wangu na sitaufunika. Linalipa vizuri kwa kila linapotokea, na mimi nimelizima. Chukua mfano wa wageni 1,000. Ukiwa nalo, tuseme kurasa elfu zinakupa senti 60 za dola, lakini mgeni anafungua ukurasa mmoja tu na kukimbia: umepata senti 60. Bila hilo, kurasa elfu zinakupa senti 40, ila mgeni anafungua mbili: senti 80. Ripoti ya mapato kwa kurasa elfu, ile tunayoiita RPM, itakwambia umeharibu. Mfuko utasema vingine. Pima kwa mgeni, usipime kwa ukurasa.

Ukipima, badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uangalie kalenda. Watangazaji wengi humwaga bajeti kuelekea Desemba, na Januari wanafunga pochi. Huku kwetu Januari ndiyo mvua, mahindi yako shambani, watu wanauliza mbolea ya kukuzia na dawa ya viwavijeshi. Wageni wanaongezeka wakati ule ule pesa inaposhuka. Mtu aliyebadili umbo la mabango Krismasi akalinganisha na wiki mbili za mwaka mpya atalaumu bango bure. Linganisha Januari na Januari. Tenga pia wageni kwa nchi, maana msomaji mmoja wa Uingereza kwa kawaida ana bei kubwa kuliko wa Tunduma, na habari moja ikisambaa kwa ndugu zetu walio ughaibuni inaweza kukudanganya kwamba bango jipya ni la ajabu. Wanaotumia Opera Mini nao wengi wana kizuia matangazo kilichomo humohumo, kwa hiyo wanasoma na hawahesabiki.

Halafu kuna nafasi moja ambayo sikuitoa kwa mtandao wowote. Nimeiuza mwenyewe kwa mama mwenye duka la pembejeo Mwanjelwa. Nilipompelekea takwimu za wageni wa nchi nzima alizitazama kidogo tu. "Mwanangu, mimi wa Dar sina shida nao. Wa Uyole na Igurusi wangapi?" Nikajifunza kupeleka hesabu ya mkoa, siyo ya taifa. Tunakubaliana kwa mwezi, bei ya kudumu, kliki zije zisije. Maumbo ya mitandao yakigeuka, bango lake liko palepale chini ya jedwali la mahindi. Mambo ya kuangalia ni machache: kiungo chake kiwe na alama ya "sponsored" ambayo Google imeipendekeza kwa viungo vya kulipiwa tangu 2019, picha iwe nyepesi isile bando la watu, namba ya simu iwe ya kugusa na kupiga moja kwa moja, na pesa iingie kabla bango halijapanda.