Mbwa Akichechemea, Usikimbilie Mguu

Wengi wenu mnaokuja kujifunza kazi hapa Malindi, mkiona mbwa anachechemea mnauparamia mguu. Subirini. Mwambieni mwenyewe amtembeze uani polepole, aende arudi, nanyi mtazame kichwa. Ubovu ukiwa mguu wa mbele, kichwa huinuka kila mguu huo unapokanyaga. Ukiwa wa nyuma, angalieni nyonga inavyopanda. Mezani hamtayaona hayo, maana mbwa mwenye hofu huficha maumivu.

Kisha anzieni vidoleni. Ufuoni kumejaa chupa na vipande vya matumbawe, na mara nyingine kazi huishia kwa kibano tu. Mkipanda juu, shikeni mguu mzima kwanza, mbovu mwisho. Mfupa wa muundi ukiteleza mbele chini ya paja, kano ya ndani ya goti imekatika. Lakini kwa mbwa aliyekaza misuli mfupa hautelezi, hata kano ikiwa imekatika. Mtulizeni kwa sindano kabla ya kusema goti ni zima.

Sasa kosa langu. Nililetewa mbwa wa ulinzi kutoka Casuarina, anachechemea mguu wa nyuma. Nikasema ni goti, nikampa dawa ya maumivu, apumzike wiki. Siku ya nne mlinzi akanipigia: “Daktari, goti limehamia mbele.” Yeye alikuwa akinitania, mimi jasho likanitoka. Maumivu yakihama kiungo hadi kiungo, hapa Pwani fikirieni homa ya kupe. Sikuwa nimempima joto, wala kumfunua mdomo nione ufizi uliokwisha kupauka, wala kutazama masikioni, na kupe walikuwa wamejaa tele! Damu ikapimwa, akaanzishiwa antibiotiki ya doksisaiklini ya wiki nne. Siku ya tatu alikuwa akibweka langoni.

Ulizeni pia amepewa nini nyumbani, tena kwa upole, maana mkifoka mtafichwa. Watu humpa mbwa ibuprofeni, dawa ya maumivu ya binadamu, kwa huruma tu, kumbe huleta vidonda tumboni na kuharibu figo. Na aliyechomwa sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, juzi msimwongezee vidonge vya maumivu leo.

German Shepherd wazee wa nyonga mbovu wataletwa wengi, wanene kupita kiasi. Dawa watameza, ila uzito usipopungua mtawaona tena mwezi ujao. Hapo msipoteze muda na tajiri. Ongeeni na mpishi, ndiye anayewamwagia makombo ya tambi kila jioni.