Hofu yako inaanzia kwenye ukubwa wa oda
Mdogo wangu wa Nkuhungu, unasema akaunti yako ya forex, yaani biashara ya fedha za kigeni, ni dola 200, unaingia loti (kipimo cha ukubwa wa oda) 0.10 kwenye yuro dhidi ya dola, halafu unatetemeka na kusogeza stopu losi, ile bei uliyoweka ya kufunga oda hasara ikifika hapo. Pole sana. Kwa loti hiyo kila pipsi, yaani hatua ndogo ya bei ya 0.0001, ni dola 1, hivyo pipsi 20 zinakula asilimia 10 ya mtaji, nani asingeogopa? Shuka hadi 0.01, pipsi zilezile 20 ni dola 2 tu. Stopu losi iwekwe wakati wa kuingia, isisogezwe mbali. Ukipigwa stopu mara mbili kwa siku, acha hadi kesho: hasira ya kurudisha hela ndiyo huunguza akaunti. Takwimu za ajira za Marekani zikitoka, kaa nje, bei huruka stopu na oda hufungwa kwa hasara kubwa kuliko uliyopanga. Na hela uliyotenga ya mbegu za alizeti isiingie humo.