Simu ya Uongo kwa Polisi: Sheria Inavyosema na Madhara Niliyoyaona Mtaani

Kila shule zinapofungwa, sisi tulio katika kamati ya Nyumba Kumi hapa Kisauni, Mombasa, huletewa lalamiko lile lile: vijana wamechukua simu ya mzazi, wamepiga 999, namba ya dharura ya polisi, wamesema kuna watu wenye panga wanavamia duka, kisha wamekata. Nimekaa na wazazi wa vijana hao na maafisa wa kituo mara nyingi, na mambo hayo kwa kawaida huisha kwa kuonywa. Simu zinazonitia hofu zaidi ni za watu wazima wenye akili timamu, ambao wamegombana na jirani kwa sababu ya kodi, mpaka wa kiwanja au mapenzi, wakaona njia ya mkato ni kumchongea kwa polisi kwa jambo wanalojua halipo.

Sheria imewatazama watu hao moja kwa moja. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu mtu anayempa mtumishi wa umma habari anayojua au kuamini kuwa ni ya uongo, akikusudia mtumishi huyo afanye jambo ambalo asingelifanya kama angelijua ukweli, au atumie mamlaka yake halali kumdhuru au kumsumbua mtu mwingine. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Zingatia kwamba sheria haingoji mtu aumizwe au akamatwe ndipo kosa lihesabiwe, kwani kosa limo katika kutoa habari ya uongo kwa nia hiyo. Aidha kifungu cha 66 kinamhusu anayetangaza uvumi wa uongo unaoweza kuutia umma hofu na taharuki, na hapo ndipo wanapoingia wengi wanaosambaza katika makundi ya WhatsApp kwamba genge limeingia mtaa fulani, hata wenye maduka wakafunga na akina mama wakakimbilia shuleni kuchukua watoto.

Kisa kilichonifanya niandike makala hii kilitokea karibu na kwangu. Majirani wawili walikuwa na kesi ya kiwanja iliyochukua muda mrefu. Mmoja wao alipopata wageni kutoka Lamu waliokuja harusini, yule mwenziwe alipiga simu usiku akasema nyumba ile imehifadhi watu wasiojulikana wenye bunduki. Kwa mtu asiyeishi Mombasa huenda maneno hayo yakasikika kama umbea tu, lakini sisi tunajua uzito wake katika mji ambao umepoteza vijana wengi na ambao tuhuma ya ugaidi huvunja nyumba nzima. Maafisa walikuja wakiwa wamejiandaa kwa mapambano, nao hawakuwa na sababu ya kujiandaa vingine, kwa kuwa waliyoyajua ni yale waliyoambiwa. Wageni walilazwa kifudifudi uani mbele ya watoto wao. Mzee mmoja mwenye uziwi aliendelea kutembea alipoamriwa asimame, na aliyemwokoa ni mkewe aliyemshika mkono na kupiga kelele kwamba bwana hasikii. Hakuna aliyeumia, lakini watoto wale waliishi na hofu muda mrefu baada ya harusi kwisha. Kwa maoni yangu, aliyepiga simu ile aliwahatarisha wageni na maafisa kwa pamoja, maana afisa anayeingia gizani akiamini anasubiriwa na bunduki anaweza kukosea na kubeba lawama ya kifo maisha yake yote.

Kwingineko jambo kama hilo limeishia kaburini. Mnamo Desemba 2017, katika mji wa Wichita nchini Marekani, polisi walipokea simu ya mtu aliyedai ameua na kushika mateka ndani ya nyumba fulani. Simu ilitoka Los Angeles, zaidi ya kilomita elfu moja mbali, na chanzo chake kilikuwa ugomvi wa wachezaji wa mchezo wa kompyuta. Anwani iliyotajwa haikuwa hata ya mmoja wa wagomvi. Kijana wa miaka 28 aliyeishi hapo, ambaye hakuwa na habari yoyote ya mchezo huo, alifungua mlango na akapigwa risasi akafa. Mwaka 2019 mpiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20.

Mbali na hatari ya bunduki, kuna gari na maafisa wanaopotezewa muda bure. Anayeifahamu Mombasa ataelewa upesi. Gari la doria likishavuka kwa kivuko kwenda Likoni kwa ajili ya simu ya uongo, kulirudisha kisiwani si jambo la dakika moja, kwa sababu ama lingoje feri ama lizunguke njia ndefu ya Dongo Kundu. Muda huo wote yule anayevamiwa kweli kweli Majengo au Tudor anaambiwa asubiri. Gari la zimamoto nalo linahesabiwa vivyo hivyo, na nyumba za Mji wa Kale zilivyobanana, kuchelewa kidogo kwatosha moto kuruka kutoka paa hadi paa.

Desemba 2015 tuliona mfano mkubwa zaidi, ingawa haukuanza kwa simu. Ndege ya Air France iliyotoka Mauritius kwenda Paris, yenye abiria 459, ililazimika kutua usiku katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi kwa sababu ya kitu kilichodhaniwa kuwa bomu chooni. Abiria waliteremshwa kwa vitelezo vya dharura, wataalamu wa mabomu wakaitwa, na safari nyingine zikavurugika. Kitu chenyewe kilikuwa makaratasi, kadibodi na saa ya kupimia muda. Mwaka huo huo wa 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, mlipuko wa transfoma ya umeme uliwafanya wanafunzi wa kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi waamini wamevamiwa. Waliruka kutoka ghorofani, zaidi ya mia moja wakajeruhiwa na mmoja akafariki. Hakuna aliyedanganya pale, lakini tukio lile laonyesha hofu peke yake inavyoweza kuua, na anayeizusha makusudi hawezi kudai kwamba hakujua.

Vijana huniambia kwamba simu haina jina. Si kweli. Kila laini nchini inapaswa kusajiliwa kwa kitambulisho, na uchunguzi huanza kwa mwenye laini. Ndiyo maana nawasihi akina mama na wenye vibanda wasiazimishe simu kiholela, na wasisajili laini kwa majina yao ili itumiwe na mtu mwingine. Tena kijana akipatikana na hatia, rekodi hiyo humfuata anapoomba cheti cha maadili mema, nacho ndicho kinachotakiwa na waajiri wengi, wakiwemo wa Ughaibuni ambako vijana wetu wengi wanatarajia kwenda. Kwa watoto, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hatambui jema na baya hadi mahakama iridhike vinginevyo. Ila kijana wa miaka 15 au 16 anaweza kufikishwa mahakamani, na mzazi asidhani umri huo ni kinga.

Naomba asitokee mtu akaacha kupiga simu kwa kuogopa haya. Sheria inamtafuta anayejua kwamba anasema uongo. Ukisikia mayowe kwa jirani ukaita polisi, kisha ikagunduliwa kuwa ni watoto wakicheza, huna kosa. Taja mahali ulipo kwa alama inayojulikana, kama msikiti, shule au steji, na utenganishe uliyoyaona kwa macho na uliyoyasikia kwa watu. Usiseme umeona bunduki kama hukuiona, hata ukidhani watakuja haraka zaidi. Na mtoto akibonyeza 112, namba ya dharura ambayo hupigika hata simu ikiwa imefungwa kwa nywila, usikate kwa aibu: baki kwenye laini useme ni mtoto na hakuna dharura, na ikiwa simu imeshakatika piga tena mara moja, ili gari lisitumwe kwako.