Fedha za dharura za ukame: mbona jirani amepata nami sikupata?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika ukame uliopita nilipoteza mbuzi thelathini na ngamia wawili. Ndugu zetu wa kaunti ndogo jirani waliingiziwa fedha za dharura za serikali, wengine wao wakiwa hawakufiwa hata na mbuzi mmoja, ilhali mimi sikupata kitu. Je, mizoga haihesabiwi? – Mfugaji, Kaunti ya Turkana

JIBU: Pole sana, ndugu yetu, kwa hasara iliyokufika. Mizoga haihesabiwi, kwa sababu fedha hizo si fidia ya mifugo iliyokufa. Ni malipo ya mpango wa kukinga kaya na njaa, HSNP, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA), ambao huzisaidia kaya maskini mwaka mzima na, ukame unapozidi, huongeza kwa muda kaya nyingine zilizosajiliwa. Kwa miaka mingi kiwango cha mwezi kimekuwa shilingi 2,700, kiasi ambacho kinasaidia kununua unga lakini hakiwezi kurudisha kundi.

Kinachoamua ni malisho. Picha za setilaiti hupima ukijani wa mimea katika kila kaunti ndogo na kuulinganisha na ule wa kipindi kama hicho katika miaka iliyopita, kisha hutolewa alama kati ya 0 na 100. Alama ikishuka chini ya 20, ukame huhesabiwa kuwa mkali. Chini ya 10, umepita kiasi. Kwa kuwa kipimo ni cha kaunti ndogo nzima, mvua iliyonyesha upande mmoja inaweza kupandisha alama ya wote, na wewe uliye upande mkavu ukakosa. Isitoshe, setilaiti huona kijani bila kujua ni mmea gani: mathenge uliotanda kando ya mto Turkwel hubaki kijani wakati wa kiangazi, ingawa majani yake mifugo huyakwepa. Kwa maoni yangu hapa ndipo mpango unapowaumiza wafugaji, na taarifa za wazee wanaoyajua malisho zingepaswa kupewa uzito kabla ya uamuzi kutolewa.

Hata bima ya mifugo ambayo serikali ilianza kuwalipia wafugaji wa Turkana na Wajir mwaka 2015 ilitazama malisho vivyo hivyo, japo yenyewe ilikuwa mpango tofauti wenye orodha yake.

Kwa hiyo, usingoje ukame mwingine. Nenda kwa chifu ukiwa na kitambulisho, uulize kama kaya yako imo katika orodha ya HSNP na kama akaunti yake ya benki bado inafanya kazi. Iwapo ilifunguliwa kwa jina la mzazi au mwenzi ambaye sasa ni marehemu, omba jina libadilishwe mapema.