Anapaliwa na maji baada ya upasuaji

SWALI: Mama yangu ana miaka 76. Alipasuliwa tumbo, akakaa siku tano na mrija wa kupumulia kooni. Tangu utolewe juzi, chakula kilichopondwa anameza, ila maji yanampalia. Tumpe kidogo kidogo ili koo lizoee?

JIBU: Msimpe bado. Maji ndiyo magumu kuliko vyote, kwani hukimbia kooni kabla njia ya hewa haijafungwa. Mrija hupita katikati ya nyuzi za sauti. Ukikaa zaidi ya saa 48, uvimbe na kupungua kwa hisia kooni ni jambo la kawaida. Mzee naye misuli yake ya kumezea ilikwisha kupungua nguvu kwa umri, na siku za kulala bila kumeza huidhoofisha zaidi.

Anayekohoa angalau anahisi. Wa kuogopewa ni yule ambaye maji humwingia mapafuni kimyakimya, kwa hiyo hata hicho chakula kilichopondwa msikiamini sana. Kila baada ya kumeza mwambieni aseme "aaa". Sauti ikiwa na majimaji, au akihema haraka, au homa ikipanda, acheni kumlisha na mwiteni muuguzi.

Ombeni mtaalamu wa kumeza amwone. Huenda akamtazama koo kwa kamera nyembamba ipitayo puani, au kwa eksirei ya video. Hadi hapo maji atayapata kwa dripu au mrija wa puani.

Chakula akiruhusiwa, aketi wima kabisa, awe macho, apewe kijiko cha chai kimoja (mililita 5), ameze mara mbili, ndipo kifuate kingine. Abaki wima dakika 30. Msipuuze kinywa, kama wengi wanavyofanya: meno, ulimi na meno ya bandia visafishwe asubuhi na jioni, maana mate machafu yakiingia mapafuni huleta nimonia.

Kuhusu mazoezi ya misuli ya kumezea, lile la kulala chali na kuinua kichwa linakaza tumbo. Kidonda kikiwa kibichi halifai. Badala yake, daktari akikubali, aweke mpira laini wa sentimita 12 hivi chini ya kidevu, aubane kifuani na kushikilia. Lengo ni sekunde 60 mara tatu, kisha kubana na kuachia mara 30, lakini aanze na sekunde 10. Akichoka apumzike, na zoezi hili asilifanye muda mfupi kabla ya kula.

Vidonge msivisage bila kumuuliza mfamasia: vingine hutengenezwa viyeyuke polepole, na vikisagwa dozi yote huingia mwilini kwa mkupuo.