Mwisho wa siku ni magharibi

Swali: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi natembeza wageni Nungwi. Asubuhi nilimwambia mgeni wangu, Muingereza, kuwa bahari imechafuka na safari ya Mnemba naiona nzito. Akanijibu: "At the end of the day, it's your decision." Nikafahamu ananambia mwisho wa siku uamuzi ni wangu, yaani anataka jibu jioni. Nilipokwenda hotelini magharibi nilimkuta amenuna, ameshinda kutwa akiningoja. Nimekosa wapi?

Waalaykumu salaam, mwanangu. Mgeni alikwambia mwenye kauli ni wewe, basi. Ukisikia "at the end of the day" usitazame saa. Muingereza huyasema hata saa 2 asubuhi, tena kwa jambo la miaka kumi. Maana yake ni kuwa yote yakishapimwa, neno la kushika ni hili linalofuata. Wako Waingereza wenyewe waliokwisha kuyachoka.

Lakini kosa lako ni la mtu anayekijua Kiswahili. Ulisikia mwisho wa siku, ukafahamu magharibi. Wanaonikera ni wale walioyafasiri maneno hayohayo kipande kwa kipande, na sasa hashiki mtu maiki ila atatwambia kuwa mwisho wa siku wananchi wanataka maji, mwisho wa siku mtoto ni wa mzazi, mwisho wa siku mpira ni magoli.

Siku gani? Chukua mechi ya usiku Uwanja wa Amaan. Leo Alhamisi, filimbi ya mwisho inalia saa 4, kocha anawekewa maiki: "Mwisho wa siku tumepoteza." Kwa hisabu yetu Alhamisi ilimalizika jua lilipokuchwa, na hapo aliposimama ni usiku wa Ijumaa. Saa ya kwanza ya usiku imeshapita, na ya pili, na ya tatu. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani ukiandama tunasali tarawehe usiku uleule, kabla hatujafunga hata siku moja: siku mpya imeshaingia. Kocha yumo mwanzoni mwa siku, anatwambia yuko mwishoni! Na kwenye posa nimemsikia mshenga, mtu mzima na kanzu yake, akiwaambia wazee kuwa mwisho wa siku vijana wamependana. Ilikuwa saa 4 asubuhi, chai haijapoa.

Sisi ambao Kiunguja chetu cha mjini ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, leo tunaazima siku ya Muingereza na yetu tunayo. Hatimaye lipo, mwishowe lipo, muradi lipo. Hatima limetoka Kiarabuni, ndugu moja na hitima na kuhitimu. Na mara nyingi hata hayo hayahitajiki. "Tumepoteza" inatosha. "Vijana wamependana" inatosha, na wazee wangefurahi zaidi.

Mtangazaji aliye hewani, ulimi ukamponyoka, namstahamilia. Nimeshachoka kumshika kila mmoja. Aliyekaa akaandika, akasoma tena, akayaacha palepale, huyo simsamehe.

Wewe, mwanangu, kamtake radhi mgeni wako. Safari nyingine akikwambia vile, mjibu papo hapo: twende au tusiende. Bahari ikitulia, mchukue Mnemba alfajiri.