Wadogo zangu mnaoanza kazi za logo hapa Mwanza, anzieni kwenye muhuri

Wadogo wengi wananifuata wanauliza natumia programu gani, laptopu gani, fonti napakua wapi, na mi kila mara nawarudisha kwenye swali moja tu, hiyo logo inaenda kukaa wapi? Maana mteja wa hapa kwetu leo anataka picha ya kuweka WhatsApp, wiki ijayo anataka muhuri, mwezi ujao anataka bango la mita kadhaa pale Buzuruga, afu tisheti za vijana wake, afu stika ya kioo cha gari, na zote hizo ni logo ile ile moja.

Kwa hiyo anzieni kwenye muhuri. Muhuri wa duara wa kawaida una upana wa sentimita nne hivi, na humo humo kuna jina la kampuni, sanduku la posta, tarehe na sehemu ya sahihi, vyote vinagombania nafasi, logo ikiingia inapata labda sentimita moja na wino wa rangi moja. Sasa chukua hiyo logo uliyoichora ina kivuli, ina mng'ao wa dhahabu, ina rangi tatu zinayeyukiana, iweke hapo uone inabaki nini. Inabaki doa. Ndo maana nasema fanya kazi yote ya mwanzo kwa nyeusi na nyeupe, punguza ile logo kwenye skrini mpaka iwe kama kucha ya kidole gumba, ukiona bado inatambulika ndo uanze kuongea habari za rangi. Ikishinda kwenye muhuri, kwenye bango haina shida.

Afu kuna suala la vekta, hili naomba mlielewe vizuri sio kulikariri. Picha ya kawaida imeundwa kwa vimraba vidogo vya rangi, pikseli, na idadi yake haiongezeki ukiikuza. Piga hesabu mwenyewe: una logo ya PNG yenye upana wa pikseli 500, unaipeleka kwenye bango la mita mbili, yani milimita 2000, gawanya kwa 500, kila pikseli inakuwa mraba wa milimita 4. Mtu aliyesimama karibu na duka anaviona vile vimraba kwa macho yake. Vekta yenyewe haihifadhi vimraba, inahifadhi maelezo ya mistari, kwamba mkunjo unaanzia hapa unaishia pale unapinda hivi, kompyuta inauchora upya kila ukibadili ukubwa, kwa hiyo sentimita moja na mita kumi kwake ni kitu kimoja. Na mashine ya kukata stika, ile plota, inafuata hiyo hiyo mistari kwa kisu, ukiipelekea picha ya JPG haina cha kufuata, fundi itabidi akuchoree upya na atakuchaji.

Programu sasa. Illustrator ni nzuri ila inalipiwa, maduka mengi ya uchapaji utawakuta wanatumia CorelDRAW, na kama huna hela Inkscape ni ya bure kabisa, ipo tangu 2003 na inatosha kwa logo yoyote ile. Photoshop achana nayo kwa kazi hii, ni ya picha. Na ile amri ya kugeuza picha kuwa vekta yenyewe muiogope kidogo, inaleta mamia ya nukta mahali ambapo nukta nane zingetosha, kingo zinakuwa na mawimbi, ukikuza ndo unaona aibu yote. Chora mwenyewe kwa kile kifaa cha peni kilichomo kwenye programu, nukta chache, polepole.

Nitoe mfano. Kuna akina mama na vijana wengi wanaofungasha dagaa pale Mwaloni Kirumba, na wakija kwako wanataka samaki kwenye logo, ni haki yao. Tatizo ni kwamba mbunifu anaingia intaneti anachukua samaki yeyote anaweka. Jamani, huyu mteja ameishi na samaki, na wateja wake pia! Sangara ana mkia wa mviringo na mgongo umeinuka wenye miba, sato ni mpana wa mwili, dagaa ni mwembamba, jicho kubwa ukilinganisha na mwili, mkia umegawanyika mara mbili. Ukichora mkia wa mviringo kwenye pakiti ya dagaa kila mtu wa kando ya ziwa anajua humo hamna dagaa. Kwa hiyo dagaa wako mchore kwa umbo moja refu jembamba, jicho liwe tundu jeupe, mkia uwe na ule mgawanyiko, magamba usichore hata moja, kwa sababu hiyo logo inaenda kuchapwa kwenye mfuko wa salfeti. Salfeti imesukwa, uso wake una mabonde mabonde, wino unatambaa, kwa hiyo mstari mwembamba ama unakatika ama unaziba na jirani yake, na zile nafasi nyembamba kati ya herufi zinafunga kabisa. Acha nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Tena kuchapa kwa skrini kila rangi inahitaji skrini yake, rangi nne ni skrini nne, gharama inamwangukia mteja wako.

Na Jiwe la Bismarck nalo, lile jiwe la ziwani hapa Mwanza, tulipumzishe kidogo. Ni letu na tunalipenda, ila kama saluni, hoteli, duka la simu na shule zote zina jiwe, mteja wako anatofautiana nao kwa kipi?

Kipimo kingine ninachokiamini sana ni fundi wa rangi. Huku kwetu bado kuna watu wanaandika kwa brashi kwenye kuta na kwenye mitumbwi, juu ya mbao zenye viungo, kwa macho tu. Muoneshe fundi logo yako. Akiweza kuichora bila kukuuliza maswali, umemaliza.

Rangi nitasema kwa kifupi, skrini inatumia mwanga na printa inatumia wino, ile bluu kali ya simu ikichapwa inafifia au inaelekea zambarau, kwa hiyo andaa namba za CMYK, yani vipimo vya rangi za wino wa printa, mapema na mchapishe mteja kipande kidogo akione kabla hajakubali.

Kabla ya kutoa faili geuza maandishi yote yawe mistari, kwenye Inkscape ni Shift, Ctrl na C, la sivyo duka lisilo na fonti yako litaweka fonti yake na jina la mteja litabadilika sura. Bakiza nakala ambayo maandishi bado yanaandikika. Mteja mpe SVG, yani faili la vekta, na PDF, PNG isiyo na mandhari nyuma, ya rangi moja, na ya alama peke yake kwa ajili ya ile duara ya WhatsApp, maana jina refu linakatwa pembeni. Na ukimtumia kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti, ukituma kama picha inabanwa na ubora unapotea.

La mwisho ni la kisheria na wengi hawalijui. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, hakulindi logo, logo inasajiliwa kama alama ya biashara, ni ombi jingine, ulinzi wa kwanza ni miaka 7 na baada ya hapo unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Sasa kama umechukua kiolezo cha Canva, ile tovuti ya michoro iliyo tayari, ukabadilisha jina tu, mchoro ule ule anao mtu Arusha na mwingine Nairobi, na masharti ya Canva yenyewe hayaruhusu kusajili michoro yao iliyo tayari kama alama yako. Mteja atakuja kulijua hilo akiwa ameshachapisha mifuko. Mwambieni kabla, na mchore wenyewe.